Tumwachie duma njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nieleze jambo linalonikaa moyoni tangu Februari. Mimi ni dereva wa watalii, ninaishi Mto wa Mbu, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 19. Sikuhadithiwa haya na mtu. Usukani ulikuwa mikononi mwangu.

Siku hiyo tulikuwa Ndutu, pale Serengeti inapopakana na Ngorongoro, msimu wa nyumbu kuzaa. Saa mbili na nusu asubuhi nilimwona duma jike amekaa juu ya kichuguu. Nyuma yake walikuwapo watoto wanne, wakubwa kidogo kuliko paka, mgongoni bado wana zile nywele ndefu za kijivu zinazomfanya mtu asiyezoea adhani ameona nyegere. Mbele yake, kama mita 200, swala tomi walikuwa wanakula nyasi fupi. Mama aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akateremka, kichwa chini, mabega yakipanda na kushuka polepole, kila hatua kama anaipima kwanza kabla ya kuikanyaga. Watoto walilala palepale alipowaacha, kimya, masikio tu yakionekana.

Gari langu ndilo lililofika la kwanza. Nikashika redio nikawatangazia wenzangu. Jana yake mmoja wao alikuwa amenitangazia simba, nami nilikuwa na deni lake. Ndivyo tunavyoishi kule porini. Haikupita robo saa tulikuwa magari 17. Niliyahesabu. Ndutu kwa miaka mingi magari yameruhusiwa kuacha barabara, kwa hiyo kila dereva alijitafutia pa kusimama. Mgeni wangu, mzee mstaarabu aliyekuja na lenzi ndefu kama mkono wangu, akaniambia kwa upole kuwa anaona kisogo tu cha duma. Akauliza kama tunaweza kusogea mbele apate macho. Nikawasha gari, nikazunguka, nikasimama katikati ya duma na swala.

Hakuna aliyenilazimisha, na nilijua ninachokifanya. Swala waliinua vichwa wote kwa pamoja, wakaondoka mbio. Mama akaketi. Alikuwa anahema ingawa hata hakuwa amekimbia. Aligeuza kichwa akayatazama magari, moja baada ya jingine, halafu akarudi kwa watoto akiwaita kwa ule mlio wao mwembamba unaofanana na wa ndege. Mimi niliusikia kwa shida kwa sababu ya injini, na naamini mtoto mmoja hakuusikia kabisa, maana wenzake watatu walipomfuata mama, yeye alikimbilia upande wa magari. Akapita chini ya gari la pili kutoka langu. Mama alilazimika kurudi katikati yetu kumtafuta, na kamera zote zikalia kwa wakati mmoja.

Mgeni wangu aliyapata macho. Picha ilikuwa nzuri kweli, alinionyesha. Siku ya kuagana alinipa bakshishi, sisi tunaiita tipu, iliyotosha ada ya mwanangu kwa muhula mzima. Hapo ndipo panaponiuma, Mhariri. Mwanangu alisoma kwa hela ya asubuhi ambayo watoto wa mwingine walilala njaa.

Wasomaji wengi wanadhani duma ni kama simba, kwamba akikosa asubuhi atajaribu usiku. Duma kwa sehemu kubwa ni mwindaji wa mchana, kwa sababu usiku ni wa simba na fisi, na hao hawawezi. Mbio zake ni za kutisha, karibu kilomita 100 kwa saa, lakini ni za mita mia chache tu. Akishamkamata swala huwa hana pumzi hata ya kula. Atakaa pembeni ya nyama yake akihema, pengine nusu saa, na fisi akitokea muda huo duma anaondoka bila kugombana. Kwa siku moja ana nafasi chache sana za kujaribu. Ukimharibia moja usidhani anayo nyingine mfukoni.

Upo utafiti uliofanyika Maasai Mara, ng'ambo tu ya mpaka wetu, ukachapishwa 2018. Ulilinganisha majike ya duma wanaoishi penye watalii wengi na wale wa penye watalii wachache. Penye wachache, jike alikuza kwa wastani watoto 2.3 katika kila uzao mpaka wakajitegemea. Penye watalii wengi alikuza 0.2. Niliposoma hesabu hiyo nilichukua kalamu nikaigeuza: jike azae mara tano ndipo apate mtoto mmoja wa kufika ukubwani. Na hapa kwetu, kwenye nyanda za Serengeti, watafiti walikwisha kuonyesha zamani kuwa katika watoto 100 wa duma wanaozaliwa, wanaokua mpaka kujitegemea ni kama 5 tu, wengi wakiuawa na simba. Mnyama mwenye maadui wa namna hiyo hahitaji kuongezewa Land Cruiser.

Sisemi kamera zikae nyumbani. Picha zimewasaidia duma kuliko wengi wanavyojua. Mradi wa utafiti wa duma wa Serengeti unaendelea tangu 1974, na unamtambua kila duma kwa madoa yake, maana hakuna wawili wenye madoa yaliyopangika sawasawa. Picha za wageni na za sisi madereva zimetumika kujua nani yuko hai, ameonekana wapi, ana watoto wangapi. Na kinachotakiwa kwa kazi hiyo ni ubavu wa mnyama uonekane vizuri. Ubavu huo unapigika ukiwa mbali. Hakuna mtafiti aliyewahi kuniomba macho ya duma kwa mita tatu.

Mpiga picha anayeijua kazi yake hana haja ya kusogezwa. Anahitaji gari litulie. Injini ikiwa inanguruma gari zima linatetema, na lenzi ndefu inakuza mtetemo huo mpaka picha inatoka na ukungu; dereva akizima injini anakuwa amemsaidia mgeni na mnyama kwa mkupuo mmoja. Mwezi Machi mke wangu alinishonea mifuko minne ya kitenge, kila mmoja nikaujaza kilo mbili za maharage, nikafunga mdomo kwa uzi wa viatu. Mgeni anaulaza mfuko juu ya ukingo wa dirisha au wa paa lililofunguliwa, anaibonyeza lenzi ndani ya maharage, inakaa kama iliyojengewa. Nawaambia pia wasisubiri jua la saa sita, kwa sababu joto likipanda kutoka ardhini picha ya mbali inachezacheza, na hata ukiwa na kamera ya bei gani hutaishinda hali hiyo. Asubuhi na mapema mita 80 ni karibu kabisa.

Lakini maharage hayatamaliza tatizo wakati mshahara wa dereva unategemea tipu, na tipu inategemea picha ya karibu. Wenye kampuni, naomba hili mlisome. Ninyi mnaandika kwenye matangazo yenu kwamba mgeni ataona wanyama "kwa karibu sana", mnaweka picha ya duma amepanda juu ya boneti, halafu mnanikabidhi mgeni aliyelipa maelfu ya dola akiwa na picha hiyo kichwani. Akikosa ataandika malalamiko, na mtakayemwita ofisini ni mimi. Nimewahi kuitwa. Kosa langu lilikuwa kukataa kuacha barabara Seronera, katikati ya Serengeti, mahali ambapo kila dereva anajua kuwa ni marufuku. Ondoeni ile picha ya boneti. Andikeni kwenye ratiba, kwa lugha ya mgeni mwenyewe, kwamba dereva ndiye atakayeamua umbali, na mtulipe mshahara unaoniwezesha kusema hapana bila kufikiria ada.

Julai 2025 watu wengi waliona ile video ya ukingoni mwa Mto Mara, upande wa Serengeti, wageni wameshuka magarini wamesimama kwenye njia ya nyumbu. Kelele zikawa nyingi kwa wiki kadhaa na wengi wakawalaani wageni. Mgeni hajui nyumbu wanashukia wapi. Anayejua ni aliyemleta pale, naye alimleta kwa sababu nilizokwisha kuzitaja.

Kwa wahifadhi ombi langu ni moja. Maasai Mara wana kanuni kwamba magari yasizidi 5 kwa mnyama mmoja, mengine yangoje zamu kwa mbali. Nasi tuisimamie namna hiyo, hasa kwa duma mwenye watoto na duma aliyekwisha kuanza kunyatia, awepo askari pale Ndutu Januari hadi Machi mwenye mamlaka ya kumwambia dereva wa sita ageuze. Sisi kwa sisi hatuwezi kuambiana. Nikimwambia mwenzangu arudi nyuma atanijibu kuwa nami jana nilikuwa mbele, na atakuwa amesema kweli.

Mwisho wa Machi nilirudi Ndutu na wageni wengine, mtu na mkewe na binti yao. Tulimkuta duma jike mwenye watoto watatu. Sijui kama ni yuleyule wa Februari na mmoja amepotea, au ni mwingine, na sikutaka kusogea ili nijue. Nilizima injini tukiwa mbali, upande wa nyuma yake, nikawapa mifuko ya maharage. Nikawaeleza tutakaa hapo na pengine hatutaona chochote. Walikubali. Tulikaa saa moja na dakika ishirini, binti akiniuliza kwa kunong'ona kila kitu kuhusu nyegere. Halafu duma akatoka. Vumbi likanyanyuka, tukaona mkia ukirushwa kushoto, kulia, na swala mmoja hakuinuka tena.

Alihema kwa dakika 20. Kisha akawaita watoto, na safari hii niliusikia ule mlio vizuri kabisa, na binti naye aliusikia akanishika bega. Watoto walikuja wote watatu. Walikula mpaka nyuso zikawa nyekundu. Saa nne na dakika kumi, walipokwisha kushiba na kuingia kivulini, ndipo niliposhika redio.

Dereva wa watalii,
Mto wa Mbu, Arusha