Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Wales: zihifadhini tamthilia za Sharon Morgan kwa sauti

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu Sharon Morgan, mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, mzaliwa wa Llandyfaelog, Carmarthenshire, mwaka 1949, aliyeanza uigizaji na Cwmni Theatr Cymru, kampuni ya maigizo ya Wales, mwaka 1970. Kazi zake za filamu na televisheni zina pa kukaa: filamu ya Grand Slam ya 1978 bado inatazamwa. Hofu yetu iko kwenye tamthilia alizoandika mwenyewe.

Chukua Ede Hud, yaani uzi wa uchawi. Kiwelisi sanifu huandika edau. Yeye kaandika ede, kama watu wa kwao wanavyotamka. Holl Liwie'r Enfys, rangi zote za upinde wa mvua, ni vivyo hivyo: sanifu ingekuwa Liwiau. Mhariri akizinyoosha silabi hizo, maana itabaki, lakini hutajua tena mhusika ni mtu wa wapi. Waswahili tunalijua hili. Mtu wa Mombasa husema ndia na mato. Mwandikie njia na macho, umeshamhamisha mji.

Kwa hiyo muswada peke yake hautoshi. Tena mara nyingi unaowekwa kwenye hifadhi ni ule wa kabla ya mazoezi, ambao haukuigizwa kamwe. Nakala ya kutafuta ni ya msimamizi wa jukwaa, yenye mistari iliyokatwa, vituo vya kimya na ishara za taa kwa penseli. Iskaniwe kurasa zote, hata zile tupu, kwa maana maelezo huandikwa nyuma ya karatasi.

Kisha zirekodiwe. Kamera ikiwekwa nyuma ya ukumbi na kutegemea maikrofoni yake, itanasa kikohozi cha watazamaji na kumeza mnong'ono. Maikrofoni ya kifuani nayo hukwaruzwa na nguo mwigizaji anapoinama. Tumieni maikrofoni mbili: moja mwilini, nyingine ukingoni mwa jukwaa, kila moja kwenye mkondo wake, faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, biti 24, kilohezi 48. MP3, ambayo sauti yake imebanwa, iwe ya kusikilizia tu. Nakala ziwe tatu, mojawapo mbali na nyingine, na nyumba ya kudumu iwe Maktaba ya Taifa kule Aberystwyth.

Hati ya haki za mwandishi isainiwe kabla ya kurekodi. Bila hiyo rekodi hufungiwa kabatini, hata ikiwa safi namna gani.

Tunaomba mwanze na Ede Hud, na mwandishi mwenyewe ndiye ayapitishe matamshi.

Wako,
Wapenzi wa tamthilia, Afrika Mashariki