Barua ya wazi kwa Diwani wetu: zile kokoto zinaondoka lini?

Mheshimiwa Diwani,

Pole na majukumu. Ofisini kwako nimefika mara nne, na mara zote nimeambiwa uko kikaoni. Basi leo nakuandikia mbele za watu, labda hapa hakuna kikao.

Jumamosi asubuhi watoto wamekuta kokoto, lori zima, zimemwagwa katikati ya uwanja wao wa lakrosi, ule mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo yenye kimia. Wakajibana pembeni wakacheza hivyo hivyo. Mjukuu wangu ndiye golikipa. Karudi kinyumenyume kuufuata mpira, kaangukia lile lundo. Goti limeshonwa nyuzi sita. Bodaboda nimelipa mimi, dawa nimenunua mimi, na mimi ni fundi cherehani wa barazani hapa Moshi. Wiki hii nimekaa na mtoto, cherehani imefunikwa kanga.

Nasikia unauliza watu, "Kwani hiyo lakrosi ni kitu gani?" Umesahau mapema, mheshimiwa. Miaka tisa iliyopita walikuja vijana wawili wa kujitolea kutoka Marekani, wakawafundisha watoto wetu, wakaondoka wakatuachia fimbo kumi na moja. Watoto wakaziita chujio, kwa kile kimia cha kudakia mpira. Vimia vilipochakaa nilivisuka mwenyewe kwa uzi wa nyavu alioniletea shemeji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Ukikaza sana mpira unadunda nje, ukilegeza sana unanasa hautoki. Kimoja nilikifumua mara tatu ndipo kikakubali. Mipini iliyovunjika tulichongewa mingine ya mpera.

Eti mchezo wa Wazungu! Wenyeji wa Amerika Kaskazini waliucheza kabla Mzungu hajafika kwao. Waganda, hapo jirani tu, walipeleka timu kwenye mashindano ya dunia Denver mwaka 2014, wa kwanza kutoka Afrika. Na Olimpiki ya Los Angeles 2028 imeurudisha, sita kwa sita. Medali zake zilishindaniwa mara ya mwisho London mwaka 1908. Sisemi mjukuu wangu atafika Los Angeles. Nasema goti.

Wakati wa kampeni ulisimama kwenye uwanja huo huo. Ulishika chujio juu chini, tukakupigia makofi kwa heshima. Ukaahidi uzio, ukaahidi na choo. Choo hatujakudai.

Wapo wanaosema eneo limeshapewa mtu wa maegesho. Wengine wanasema kokoto ni za barabara, dereva kapotea njia. Mimi nahisi kuna mtu anajenga kwake, kaona pale hapana mwenyewe. Kama nimemsingizia mtu, nisahihishe. Nitafurahi sana, maana itakuwa ndiyo mara yako ya kwanza kunijibu.

Barua hii ilikuwa na mambo saba. Mengine nimeyafuta: uzio, bomba la maji, hata ile hati ya uwanja tuliyoambiwa inashughulikiwa. Limebaki moja. Kokoto ziondoke kabla ya Jumamosi. Mheshimiwa, kokoto tu. Kama lori halipatikani, kina mama tunazo ndoo, na watoto wenyewe wako tayari kubeba. Wewe tuambie tuzimwage wapi. Nimepita getini kwako jana, nafasi ipo.

Ni mimi,
Bibi wa golikipa, Moshi