Kliniki ya akili isiwe ya mwanzo kufungwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha makala ndefu kuhusu namna Zanzibar inavyojitayarisha na maradhi ya mripuko. Nimeisoma, nikairudia. Mitungi ya oksijeni imo, barakoa zimo, mahema ya kutengea wagonjwa yamo, hata ndoo za kunawia mikono hamkuzisahau. Wagonjwa wangu sikuwaona popote. Mimi ni daktari wa maradhi ya akili hapa Pemba na mwaka 2020 nilikuwa kazini, kwa hivyo naomba nafasi nieleze yaliyotokea upande wetu, na kosa langu nikilitia humo humo. Ya wagonjwa nimeyageuza kidogo wasijulikane.

Kliniki yetu ilikuwa kila Alhamisi. Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Zanzibar, mwezi wa Machi, tuliulizwa hospitalini ni huduma gani zinazoweza kusubiri. Zikatajwa za meno, za macho, na za akili. Tangazo la kuwaambia wagonjwa wasije mpaka watakapoarifiwa nililitia saini kwa mkono wangu, likabandikwa mlangoni. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa naogopa. Ukumbi wetu ni mdogo, una mabenchi mawili, na watu wanabanana humo tangu alfajiri, nikaona nawakinga. Waliokuwepo siku ile tuliwapa dawa za mwezi mmoja, maana hatukuwa na zaidi.

Mwezi ukesha, ukaingia wa pili. Asiyejua na ajue kwamba kwetu kliniki ya akili ndiyo hiyo hiyo ya kifafa. Binti mmoja wa shamba akaishiwa na vidonge vyake. Dawa ya kifafa ukiikata ghafla, maradhi hurudi kwa kishindo kuliko yalivyokuwa. Alianguka jikoni, sufuria iko mafigani na moto unawaka. Alipoletwa, mkono wa kushoto ulikuwa umeungua mpaka kiwikoni. Mama yake hakunigombeza. Alitoa kipakiti kitupu cha dawa kwenye pindo la kanga, akanionesha, akasema, "Tuliambiwa tusije, dakta." Korona yenyewe haikuingia nyumba ile.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake Oktoba 2020: katika asilimia 93 ya nchi zilizoulizwa, huduma za maradhi ya akili zilikatika au zilivurugika. Machi 2022 likasema kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Wahitaji waliongezeka na milango ikafungwa, kwa wakati mmoja. Nimezitaja takwimu hizi ili ijulikane kwamba kosa langu lina wenzake wengi. Halikuwa dogo kwa sababu hiyo.

Nina mgonjwa mwengine, wa wasiwasi wa udhu. Wanavyuoni waliyajua maradhi haya kabla yetu, na dawa yao haiko mbali na yetu: usiutii, usirudie. Bwana huyu alikuwa akikaa kwenye bomba la msikiti mpaka imamu anatoa salamu. Matibabu yake ni mazungumzo na mazoezi. Anaosha mara tatu, anafunga bomba, anakaa na hofu yake bila ya kuitii mpaka ipoe yenyewe. Mwaka mzima tulifanya hivyo, hesabu tukiziandika katika daftari la skuli la mwanawe. Ndipo redio ikaanza: nawa, nawa tena, sekunde ishirini, kila ukigusa kitu. Alinipigia simu siku ya pili yake, na sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka.

"Dakta, sasa mgonjwa nani, mimi au nyinyi?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Baadaye tukaafikiana kwamba atanawa wanaponawa wenzake na ataacha wanapoacha wenzake, asizidishe hata tone. Akavuka salama, kuliko wengi ambao hawakuwahi kukaa mbele yangu kabla ya mwaka ule.

Naam, tulitibu kwa simu. Vocha zilitoka mifukoni mwetu, lakini hilo si tatizo. Vitabu vinasema mgonjwa akae chumba cha faragha, penye utulivu. Chumba gani? Skuli zimefungwa, watoto wote wamo ndani, hoteli za Unguja zimefungwa na vijana wamerejea kwao na mabegi yao, nyumba iliyokuwa ya watu watano sasa ina tisa. Mgonjwa wangu mmoja, mke kijana anayeishi na mavyaa wake, alibuni njia yake mwenyewe. Tukiwa katikati ya mazungumzo ghafla huniuliza, "Na pweza leo bei gani?" Hapo hujua mavyaa kapita. Nami humjibu bei. Kuna jioni tulizungumza habari ya pweza robo saa nzima, nikabaki najiuliza kama haya nayo ni matibabu. Nadhani yalikuwa. Mwishowe akawa anakwenda chini ya mikarafuu kabla ya magharibi, ambako na mtandao unashika vizuri, na huko ndiko alikonieleza lililokuwa likimnyima usingizi. Nilikuwa nikisikia kuku wanapita huku analia.

Wanaume hawakupiga simu kabisa. Wao walikuja wenyewe, baada ya kliniki kufunguliwa, wakilalamikia kifua, kichwa, tumbo. Neno sonona hulisikii kinywani mwa mtu; utasikia "nina mawazo" au "roho inanienda mbio". Ukimkalisha, ukamwachia kimya kidogo, ndipo anakwambia kwamba alikuwa akituma fedha nyumbani kila mwezi na sasa anapakuliwa chakula na mama yake kama mtoto.

(Madaktari wenzetu wa Ulaya walilalamika sana kwamba barakoa zinawaficha nyuso za wagonjwa. Mimi miaka yote nazungumza na wanawake waliovaa ninja, yaani nikabu. Macho yanasema, na mikono inasema zaidi.)

Lipo jambo jengine ambalo makala yenu haikuligusa, na kwangu ndilo zito. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka 1995, hofu ya Popobawa, jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku, ilipoanzia hapa Pemba kisha ikavuka bahari hadi Unguja. Kama alikuwepo au hakuwepo, sitaki mabishano. Natazama dawa waliyoipata watu wenyewe: walitoka nje, wakakoka moto, wakalala pamoja, jirani kwa jirani. Hofu waliitibu kwa wingi wao. Korona ilikuja na hofu kama ile, masharti yake yakiwa kinyume. Kaeni mbalimbali. Baraza livunjwe. Mkono usitolewe. Mtu wa kwetu ukimwambia akae peke yake na hofu yake, umemnyang'anya dawa pekee aliyorithi, na lazima umpe nyengine badala yake.

Misiba nayo ikawa haina jina. Hesabu za wagonjwa wa nchi nzima zilisita kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, na baadaye mitaani ikawa mtu amekufa kwa "changamoto ya upumuaji". Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ameambukizwa korona. Akazikwa kwao Mtambwe. Wiki zilizofuata ndipo wagonjwa walipoanza kunitamkia: na baba naye alikuwa na ile, na shangazi naye. Wengine walikuwa wameficha miezi. Niliona watu wazima wakilia msiba wa mwaka uliopita kama umetokea jana, kwa kuwa ulipotokea hawakupata ruhusa ya kuuita jina lake.

Sasa, Ndugu Mhariri, siombi jengo jipya. Hospitali maalumu ya maradhi ya akili tunayo Kidongo Chekundu, iko Unguja, na mripuko unapokuja bahari huwa pana zaidi. Ninachoomba ni kliniki zetu za vijijini ziandikwe katika mpango wa dharura miongoni mwa huduma zisizofungwa, pamoja na uzazi na chanjo. Ghala liwe na dawa za kumpa mgonjwa miezi mitatu, za kifafa zikiwa mbele. Mwenye kuchomwa sindano ya kila mwezi afuatwe kwake kwa pikipiki, badala ya kungojewa mpaka avue nguo njiani ndipo jamaa wamlete amefungwa kamba.

Tunao pia wahudumu wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba na simu zao wakiuliza habari za mama na mtoto. Maswali mawili tu yaongezwe: unalala? na kuna siku unaona bora usingekuwepo? Wafundishwe kuuliza mavyaa akiwa mbali. Na kila kituo cha afya kitenge chumba kimoja chenye mlango unaofungika, na simu ndani yake, ili asiye na faragha nyumbani apate pa kuzungumzia. Masheikh wanaowasomea watu tukae nao kabla, maana mgonjwa hupita kwao kwanza. Nimeshafanya kazi na wawili watatu, na waliniletea wagonjwa mapema kuliko hospitali yoyote ilivyowahi kufanya.

Yule mke kijana amepona. Hununua samaki sokoni ninaponunua mimi, na akiniona, hata awe amefuatana na mavyaa wake, huniuliza kwa sauti bei ya pweza. Mimi humtajia, na muuza pweza hutushangaa wote wawili.

Wako,
Daktari wa maradhi ya akili,
Pemba.
(Jina langu unalo, Mhariri.)