Shosti, hii AC ya ofisini itatugombanisha

Shosti wangu,

Mzima? Na watoto je? Meseji yako niliiona ila nikaona siwezi kukujibu kwa mstari mmoja, umeuliza mbona siku hizi nikitoka kazini sauti imekauka na sina raha. Siumwi, ni AC ya ofisini na mtu ninayeigombania naye.

Si tulihamishiwa chumba kimoja mimi na yule kaka wa uhasibu, pamoja na wengine wawili ambao wao hawasemi kitu hata iweje. Meza yangu iko chini ya AC kabisa, upepo unanipiga shingoni na bega la kulia toka asubuhi. Yake iko dirishani, kioo kikubwa, pazia hamna, ikifika mchana jua lote liko mgongoni kwake. Sasa yeye akiingia tu cha kwanza ni rimoti, anashusha mpaka 16. Nikipandisha 24 anasema nataka kumchemsha, nikisema nasikia baridi ananiambia vaa sweta. Na hilo neno la sweta ndo linaniuma, kwa sababu sweta ninalo na mtandio juu yake, ila sweta halivaliwi vidoleni, jioni vidole vimekuwa vizito mpaka kutaipu ni kazi, afu mtu anakuangalia kama unadeka.

Sideki bwana. Juzi fundi alikuja kusafisha filta nikamuuliza, hivi ukiweka 16 chumba kinapoa haraka kuliko ukiweka 24? Akasema kwa AC ya kawaida kama hii yetu isiyo na inveta, yani kile kifaa cha kupunguza na kuongeza kasi, hapana, kompreza, ile mashine inayopooza, ni inawaka au inazima, kasi yake ya kupooza ni ile ile, tofauti ni kwamba ukiweka 16 haifiki hapo izime kwa hiyo inaunguruma kutwa nzima. Afu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kile kinachopima joto kimo humo humo ndani ya AC, kinapima hewa inayoingia kule juu karibu na dari. Yani hakijui kama mimi napigwa na upepo na hakijui kama mwenzangu anaungua na jua. Tunagombania namba ambayo si yangu wala si yake.

Nikaenda kusoma zaidi, unanijua nikishikwa na kitu. Kumbe kuna profesa wa Denmark, Fanger, tangu mwaka 1970 alishaeleza kwamba mtu kusikia joto au baridi kunatokana na vitu sita: joto la hewa, joto linalotoka kwenye vitu vinavyokuzunguka kama ukuta na vioo, unyevu, kasi ya upepo, nguo ulizovaa, na mwili wako unazalisha joto kiasi gani kwa kazi unayofanya. Rimoti unaishika ili ubadilishe kimoja tu. Na kwa hesabu zake hata ukipatia vyote bado watu kama 5 kwenye 100 hawataridhika. Afu mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi wakaonyesha kwamba kile kipimo cha joto ambalo mwili unazalisha kilichotumika kupangia ubaridi wa ofisi kilichukuliwa kwa mwanaume, wa miaka 40 hivi na kilo 70, na kwamba kinaweza kukadiria joto ambalo mwili wa mwanamke unazalisha kwa kuzidisha hadi asilimia 35, yani sisi tunazalisha kidogo kuliko walivyodhani. Hiyo niliisoma mara mbili shosti, maana ndo nilichokuwa nakisema siku zote naambiwa vaa sweta.

Ila sitaki kwenda kumpiga nayo usoni, kwa sababu kusema ukweli na yeye anateseka, mchana nilienda kusimama pale kwake nichukue faili nikasikia kiti kina moto. Ningekaa pale na mimi ningeishika hiyo rimoti. Kinachonikera sio kwamba anasikia joto, ni kwamba hakubali kuwa mimi nasikia baridi kwenye chumba hicho hicho, wakati vyote viwili ni kweli. Bosi tulimwambia, akasema malizaneni wenyewe, akaondoka zake.

Kwa hiyo Jumatatu nataka nikae naye tuongee bila rimoti mezani. Namwambia tuombe pazia la lile dirisha, yeye awekewe feni ndogo pale pale alipo, AC ikae 24 tuijaribu wiki nzima, na ule upepo ugeuzwe uende juu usinishukie mimi. Akikataa nitaomba kuhama meza, ila sitanyamaza tena.

Sasa hapo ndo nakuhitaji. Kile kiplastiki cha kugeuza upepo mlichofunga chini ya AC kazini kwenu, kinafungwaje, kinagundishwa au lazima ukuta utobolewe? Nipigie picha kwa karibu unitumie kabla ya Jumatatu, na uniambie kama upepo kweli uliacha kuwashukia au unazunguka tu unarudi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
shosti wako