YAH: Malalamiko kuhusu kuharibiwa kwa makali ya skii zangu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata kwenye kaunta yenu. Masharti yenu ya kazi mnayajua kuliko mimi, na fomu niliyojaza nilipowaletea skii zangu, mbao za kutelezea thelujini, mzinoe, mnayo. Niliandika kwa mkono wangu: pembe ya makali ya chuma, upande wa chini nyuzi 1, upande wa ubavuni nyuzi 3. Fundi wenu akasaini.

Nilichorudishiwa ni nyuzi 2 chini na nyuzi 2 ubavuni. Hesabu ni fupi: kona ya mraba ni nyuzi 90, toa 3 za ubavuni, ongeza 1 ya chini, unapata 88, makali yanayouma barafu. Ninyi mmenipa 90 kamili. Tena kwa kuwa upande wa chini umenyanyuliwa mno, lazima skii niilaze kupita kiasi ndipo chuma kiguse theluji. Kabla ya hapo inateleza tu.

Nilizirudisha kwa amani, na ushahidi mkononi. Nilikuwa nimepaka wino mwekundu wa maka peni kwenye makali ya chini, kisha nikapitisha tupa mara moja tu, ikiwa kwenye kishikio kinachoishika kwa pembe ya nyuzi 1. Wino ukatoka upande wa soli, yaani uso wa chini wa skii, upande wa nje ukabaki mwekundu vilevile. Kwa anayenoa skii hilo halihitaji tafsiri: pembe imezidi. Fundi wenu hakutazama. Alichukua kitambaa chenye spiriti, akaufuta wino wote, akaniambia, "Mzee, skii hazina shida. Shida ni miguu yako."

Kuna na madoa ya bluu. Yapo matatu kwenye skii ya kushoto, karibu na mahali pa kiatu, kila moja urefu wa ukucha. Chuma kimeunguzwa, mashine imeendeshwa kavu bila maji ya kutosha. Sehemu hizo zimekuwa ngumu, tupa inapita juu yake kama juu ya kioo bila kula chochote. Nimelazimika kuzisugua kwa jiwe la almasi, na bado. Plastiki ya ubavuni nayo haikupunguzwa kabla ya kunoa, kwa hiyo sishangai kwamba nyuzi 3 hazikufikiwa.

Niliyagundua haya yote baada ya kuanguka, si kabla. Siku ya kwanza, kwenye mteremko wenye barafu, skii ya upande wa bondeni iliniachia katikati ya kona, nikaporomoka kwa ubavu mpaka kwenye wavu. Nililala pale nikidhani kosa ni langu. Ndiyo maana maneno ya fundi wenu yaliniingia vile.

Naomba mwelewe vizuri kilichotokea pale kaunta. Binti yangu alikuwa pembeni ameshika kofia yangu. Nyuma yetu watu wanne walikuwa kwenye foleni. Nilimwambia fundi, "Subiri kijana, tazama kwanza." Alikuwa akiwatazama wao. Alianzia ncha ya mbele, akafuta taratibu mpaka mkiani, akahakikisha hakuna tone la wino lililobaki, ndipo akasema habari ya miguu yangu kwa sauti ya kusikika na wote. Mtu mmoja alicheka. Binti yangu aliinamisha kichwa. Nina miaka mingi nikizinoa skii zangu mwenyewe. Safari hii nilizileta kwenu kwa sababu soli ilihitaji mashine, basi.

Nilipoanza barua hii nilitaka mrekebishe pembe na mnirudishie malipo. Lakini fikirieni kurekebisha kwenyewe. Pembe ya chini ikishazidi hairudi kwa tupa. Lazima soli yote isagwe kwa jiwe la mashine mpaka chuma kilale sawa nayo. Chuma hicho ni kama milimita 2 tu, na kikiliwa hakioti tena. Mnanitaka nilipie uzembe wenu kwa umri wa skii zangu? Sikubali. Nadai jozi mpya ya aina ileile, ikiwa imenolewa 1 na 3, na ipimwe mbele yangu. Nadai pia fundi huyo aniombe radhi mbele ya binti yangu. Si kwa simu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka kwa wakili pamoja na picha za madoa, picha za wino nilizopiga kabla haujafutwa, na nakala ya fomu yenye saini. Na mamlaka ya kulinda walaji nitaiandikia siku hiyohiyo.

Skii ninazo. Hazitaguswa na tupa yoyote, yenu wala yangu, mpaka zipimwe na mtu asiye wa upande wowote.

Wenu,
Mteja mliyemwambia shida ni miguu yake