Pesa za matanga zipo, za kupimwa moyo hakuna

Mhariri,

Mimi ni mshonaji wa sare za shule hapa Kisumu. Nina miaka 44, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye, na kwa miaka 16 nimekuwa katika chama cha akina mama 22 ambacho hakijawahi kushindwa kuzika. Akifariki mwenzetu au mzazi wa mwenzetu, kila mmoja hutoa Sh1,000 kabla jua halijatua. Hema, sufuria, basi la kwenda Siaya au Busia, vyote hupatikana. Sikidharau chama hicho. Mamangu alizikwa kwa heshima kwa pesa hizo.

Mwaka jana nilikiomba kinikopeshe Sh6,000 nikamwone daktari wa moyo. Katibu alifungua katiba yetu, akasoma kwa sauti: kifo, au mwanachama kulazwa. Mimi sikuwa nimelazwa. Mama mmoja akatania kwamba basi nijitahidi nilazwe. Tulicheka sote, hata mimi, kisha kikao kikahamia kwenye hesabu ya viti vya plastiki vilivyopotea.

Shida yangu ilianza nikiwa nimeketi, nakanyaga cherehani, natia kola kwenye shati la mtoto wa darasa la pili. Ghafla kifuani kukawa kama sindano butu inayoruka mishono: mitatu ya haraka, kimya, mmoja mkubwa, halafu mbio bila mpangilio. Ilichukua kama dakika 20, ikaisha yenyewe. Nikanywa maji, nikamaliza kola.

Kila mtu alikuwa na jibu. Wa kemisti alisema ni gesi ya tumbo. Dada yangu alisema ni mawazo, na kweli karo ilikuwa haijalipwa. Jirani alisema damu imepungua, nile osuga, yaani mnavu, na maini. Kwenye zahanati niliyokwenda walinipima presha, ikawa sawa, wakanipa dawa ya asidi. Niliporudi mara ya tatu walinituma kwenye kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani. Nilipolala pale moyo ulitulia kama kondoo. Karatasi ikatoka safi. “Uko sawa, mama, punguza mawazo.” Nikaenda nyumbani nikijiona mwongo.

Kumbe karatasi ile hunasa kama sekunde 10 tu za moyo. Wangu ulikuwa unavuruga dakika 20, siku mbili tatu kwa wiki. Ni kama kumvizia mwizi wa kuku kwa kupita mlangoni mara moja mchana. Hilo niliambiwa baadaye sana, na ningependa ningeambiwa siku ile ile, kwa sentensi moja tu: leo hatujaona kitu, ukianza tena njoo mbio tupime ukiwa bado unaruka.

Aliyenisaidia kwanza ni mhamasishaji wa afya wa mtaa wetu, binti mdogo anayezunguka na mkoba wake wa vifaa. Alinionyesha kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na kuhesabu dakika nzima. Si nusu dakika halafu uzidishe, maana mapigo yanayoruka hudanganya. Kisha akasema, andika. Sikuwa na daftari jingine ila lile la vipimo vya wateja. Ukilifungua leo utakuta bega 14, kifua 32, na katikati yake: “Jumanne, saa nne asubuhi, nimeketi, dakika 20, mapigo 132, yanaruka.” Mtu mzima aliyetulia hutarajiwa kuwa kati ya 60 na 100.

Daftari hilo lilifanya kazi ambayo mdomo wangu ulishindwa. Nililipeleka zahanati, nikampata afisa mwingine, akalisoma kurasa tatu bila kusema neno, akaniandikia barua ya rufaa kwenda kliniki ya moyo.

Hapa ndipo naomba wasomaji wanielewe. Barua ile ilikaa wiki 11 kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na sindano. Bima yangu ilikuwa imekatika kwa kuwa sikuwa nimemaliza ada ya mwaka, hilo ni kosa langu. Lakini si pesa peke yake. Niliogopa kuambiwa nina ugonjwa wa moyo, maana huku kwetu ukishaitwa mgonjwa wa moyo watu huanza kuzungumza nawe kwa sauti ya chini. Na niliogopa pia kinyume chake: kwamba nitatoa Sh6,000, niambiwe sina kitu, nirudi nyumbani bila pesa na bila ugonjwa. Kila nilipoitoa barua nilifanya hesabu hiyo, na kila mara nikaona ni hasara. Ajabu ni kwamba sijawahi kuona hasara kutoa Sh1,000 ya jeneza.

Nilikuwa nalalia mto mmoja. Ikawa miwili, kwa sababu nikilala chali pumzi inakata na kikohozi kinakuja. Sikuita hiyo dalili. Niliita joto la Kisumu. Usiku mmoja niliamka saa tisa nikajikuta nimekaa wima kitandani, na mgongoni nimeegemea jora zima la kitambaa cha kijani, la sare za Januari. Sikumbuki nililitoa sebuleni saa ngapi. Nilikaa nikiligusa lile jora gizani. Asubuhi nilimuuzia fundi mwenzangu kwa bei ya kutupa, nikatoa barua kwenye droo.

Daktari hakuanza na kifua. Aliniuliza, “Ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo mara kwa mara, halafu viungo vikavimba?” Nilimtazama kama mganga. Nikiwa darasa la tano goti lilivimba, likapoa, kikavimba kiwiko, nikakosa shule muhula mzima. Nyanya alinikanda kwa majani ya moto na watu wakasema nakua. Akaniambia kuna bakteria wa koo ambao kinga ya mwili ikipigana nao hukosea na kushambulia viungo na vali, yaani milango ya damu ndani ya moyo. Viungo hupona. Vali hubaki na kovu, nalo huonyesha uso wake miaka mingi baadaye. Akanipaka jeli, akapita na kile kifaa cha picha, akanielekeza kwenye kioo: mlango mmoja wa upande wa kushoto haufunguki vizuri, umekaa kama mdomo wa samaki. Damu inasongamana nyuma yake hadi mapafuni, ndiyo maana nilikuwa nalala nimeegemea jora. Na kule kuruka mishono kunaweza kugandisha damu ndani ya moyo, donge likaenda kichwani likaleta kiharusi.

Sasa nameza dawa ya kuzuia damu isigande, napimwa damu mara kwa mara, na mboga za kijani sikukatazwa ila nimeambiwa kiasi kisipande na kushuka ovyo wiki kwa wiki. Suala la kupanua au kubadilisha vali bado linazungumzwa. Binti yangu akiumwa koo siku hizi hapewi maji ya ndimu na kuachwa. Anapelekwa akaangaliwe, na akipewa dawa anaimaliza. Daktari alinionya pia kwamba kuzimia, kifua kubana bila kuachia, au kukosa pumzi ukiwa umetulia si mambo ya kungoja tarehe ya kliniki. Ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nimeandika hoja ya kubadilisha katiba yetu: mwanachama mwenye barua ya rufaa akopeshwe pesa za kipimo kutoka mfuko wa matanga, arudishe kidogo kidogo kwa miezi sita. Najua vyama kama chetu vimejaa kutoka hapa hadi Kakamega, na nadhani katiba zao zinafanana na yetu, kwa hiyo naandika kwako ili nao waifikirie. Kikao ni Jumapili ijayo. Mtunza hazina ameshanipigia simu kuuliza, tukimaliza pesa kwenye vipimo, basi la matanga litalipwa na nani. Nimemwomba aliweke swali hilo kwenye ajenda, nami nitaingia na daftari langu.

Mshona sare,
Manyatta, Kisumu