Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania): bakteria wanaoua minyoo fundo nao wajaribiwe kwenye mchanga wetu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Kigamboni. Nalima bamia na nyanya chungu kwenye robo eka ya mchanga, nikimwagilia maji ya kisima. Mwaka jana bamia zilikuwa zikinyauka saa saba mchana, jioni zinainuka kama vile hazikuwa na tatizo. Muuza pembejeo akaniuzia dawa ya wadudu wa majani. Nikapiga mara tatu. Nilipokuja kung'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa imevimba kama tangawizi. Nikavikwangua vile vinundu kwa ukucha, maana vinundu vya kawaida vya mizizi ya kunde hubanduka. Hivi vikagoma. Minyoo fundo, wale minyoo wadogo mno wa udongoni wanaovimbisha mizizi! Na hela ya dawa imeshaliwa.

Wewe unawajua vizuri kuliko mimi: jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na udongo wa kichanga ndio raha yao. Zamani mashamba makubwa ya nje yalifukiza ardhi kwa gesi ya methili bromaidi kuwaua, mpaka ikaonekana inaharibu tabaka la ozoni angani. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha kufikia 2015, isipokuwa kwa matumizi machache.

Sasa kuna jambo la bakteria wa udongoni, kina Bacillus na Pseudomonas. Wanatoa gesi. Maabara huwaweka upande mmoja wa sahani, minyoo upande wa pili, wasigusane kabisa, na bado minyoo hulegea na kufa. Mojawapo ya gesi hizo, dimethaili disalfaidi, inanuka kama kabichi iliyooza.

Ila sahani ile ina mfuniko, Ndugu Mkurugenzi. Tuta langu halina. Mchanga wa huku ukiumwagia maji asubuhi, saa nne umeshakauka. Gesi itakaa wapi? Ndiyo maana naomba majaribio yafanyike hapa hapa Dar, Kigamboni na Bonde la Msimbazi, kwenye matuta yenye samadi na yasiyo nayo, yaliyofunikwa nailoni na yaliyoachwa wazi. Watafiti wa kilimo wa TARI Mikocheni wako jirani tu.

Na msituambie "ni ya asili" mkaishia hapo. Baadhi ya Pseudomonas hutoa sianidi ya haidrojeni, sumu ileile ya muhogo mchungu. Huku watoto wanacheza hatua tano kutoka kwenye mboga. Hilo nalo lipimwe kabla ya kusajili chochote.

Dawa hiyo ya bakteria ikifika dukani, iwe pakiti ndogo yenye maelezo ya Kiswahili na tarehe ya kuisha muda. Bakteria ni viumbe hai, na maduka yetu mengi ni ya bati. Ndani mchana ni tanuri.

Mtaalamu wako akija, abebe koleo. Matuta matatu ya mwisho, upande wa mnazi, sijayagusa.

Mkulima wa bustani, Kigamboni